Halbadiri ya Kompyuta

Jumwa hakuwa mtu wa kusamehe upesi, wala hakuwahi kujidai kuwa hivyo. Ukimkosea Jumatatu, Ijumaa unamkuta palepale ulipomwacha, amekunja uso, anakungoja. Samuel Muange, muuza kompyuta wa Ukunda, hakulijua hilo siku alipompokea pesa zake. Angalijua, angalifunga duka akarudi kwao Machakos.

Jumwa alikuwa na kibanda cha kuchapisha karatasi kando ya barabara ya hospitali pale Msambweni. Humo aliandika barua za kuomba kazi, akajaza fomu za vyeti vya kuzaliwa, na mwezi huo kulikuwa na fomu za basari, msaada wa karo, ambazo sharti zitumwe kwa mtandao kabla ya mwezi kwisha. Kina mama ishirini na tisa walikuwa wamemwachia karatasi za watoto wao: matokeo ya mtihani, barua za chifu, vyeti vya vifo vya baba. Aliwaambia wote maneno mamoja, "Niachieni mimi, nendeni mkalale." Na wakaenda wakalala, kwa sababu Jumwa akisema jambo, limekwisha.

Hapo ndipo kompyuta yake ya zamani ilipokata roho. Fundi Mangi alikuwa ameifungua na kuifunga mara nyingi mpaka nusu ya parafujo zikapotea, lakini safari hii alitingisha kichwa tu. "Bi Jumwa, hii imekula chumvi yake. Nenda katafute nyingine."

Akaenda Ukunda. Samuel akamtolea kompyuta moja nene, nyeusi, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Madam, chukua hii. Iko hapa, unaenda nayo leo. Ikisumbua, Mangi anafungua, anabadilisha memori, anabadilisha diski, maisha inaendelea. Hiyo nyembamba unataka mpaka itoke Nairobi. Na hiyo kila kitu kimechomelewa kwa bodi. Betri yenyewe imebandikwa na gundi. Ikiharibika, hakuna fundi wa kuifungua hii South Coast yote."

Jumwa aliitazama ile nene kama mtu aliyeandaliwa ugali wa jana. Alikwisha kuiona ile nyembamba kwenye picha, ya rangi ya fedha, na alikwisha kujiona ameketi mbele yake kibandani, wapita njia wakigeuza shingo. "Mimi sinunui kitu ili kiharibike," akasema. Akalipia ile nyembamba. Kwenye fomu ya kupokelea mzigo akaandika namba ya mumewe, maana simu yake mwenyewe siku hizo ilikuwa ikizima ovyo. Akaambiwa angoje siku nne.

Siku ya nne ikapita, na ya saba ikapita. Akampigia Samuel.

"Madam, nilituma. Ilifika Msambweni tangu Jumanne."

Jumwa akafunga kibanda, akaenda mbio hadi ofisi ya vifurushi. "Mwanangu, mna mzigo wangu hapa?" Binti wa pale akatafuta rafu zote, juu na chini, akarudi akijifuta vumbi. "Hakuna mzigo wa jina lako hapa, mama." Jumwa akashukuru, akatoka, na kuanzia dakika ile Samuel Muange alikuwa mwongo. Akampigia tena, naye Samuel akasema yaleyale, alituma, ilifika. Alivyozidi kusema ndivyo Jumwa alivyozidi kuumuka kwa hasira.

Nyumbani alimweleza mumewe. Rai alikuwa fundi umeme katika hoteli moja kule Galu, mtu mpole, msemaji mzuri barazani, mvivu wa ugomvi. Alimsikiliza mkewe huku ameinamia sahani. "Watu wa bara hao, Mama Riziki," akasema. "Pesa ikishaingia mfukoni, hawakujui tena."

Siku ya mwisho ya basari Jumwa alibeba karatasi zote ndani ya mfuko wa plastiki, akaenda kupanga foleni kwenye saiba moja ya Ukunda, duka la kukodisha mtandao. Mtandao ulikuwa ukitambaa. Mpaka saa ya kufungwa alikuwa ametuma fomu nane. Ishirini na moja alirudi nazo mkononi.

Aliwapitia wale kina mama mmoja mmoja, mlango kwa mlango, kuwarudishia karatasi. Hakuna aliyemtukana. Hannah wa Kikoneni, mjane, alizipokea karatasi za mwanawe, akazinyoosha mikunjo kwa kiganja, akasema, "Ahsante kwa kujaribu, Bi Jumwa." Mtoto mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba, amekwisha kuvua sare, anapanga magogo ya kuchoma makaa. Jumwa angalipigwa kofi angaliumia zaidi ya hapo? Hasha. Kofi lingalimpoza. Alirudi kwake akiuma meno, na njia nzima alikuwa na jina moja tu kinywani.

Sasa ndipo alipomkalia Samuel kooni, na hakuwa na mswalie Mtume.

Alianza na simu. Alirekodi sauti yake, akaituma kwa kila kikundi cha kina mama alichokijua, cha chama, cha mazishi, cha wazazi wa shule. Sauti ile ilitoka Msambweni asubuhi, ikafika Shimoni kabla ya adhuhuri. Kisha akaenda Ukunda mwenyewe, akasimama mbele ya duka la Samuel, buibui imefungwa kiunoni, akawaeleza wateja habari za watoto ishirini na mmoja. Walioshika bidhaa wakazirudisha. Kavata, mke wa Samuel, aliyekuwa akiuza mboga sokoni, akawa anashinda na mchicha wake mpaka unanyauka. Jumwa alisikia habari hiyo ya mchicha, na nitasema kweli, alifurahi. Alikunywa chai yake siku hiyo kwa raha ambayo hakuipata kwa mwezi mzima.

Lakini haikumtosha. Duka bado lilikuwa wazi, na Samuel bado alikuwa akisema alituma.

Akaenda kwa Ustadh Jaafar kutaka Halbadiri.

Kisomo kile hakisomwi kwa mchezo. Watu wa pwani wanakijua na wanakiogopa: huwaomba mashahidi wa Badri wamshike aliyedhulumu, awe wapi, awe nani. Mwizi aliyekana mbele ya polisi hurudisha mali akisikia tu kitabu kinatafutwa. Ustadh Jaafar mwenyewe hakukipenda. Alijaribu kumpoza.

"Mwanangu, subiri. Dhulma ina Mola wake."

"Nimesubiri, ustadh."

"Basi sikiliza. Mimi sitaji jina la mtu. Sitasema Muange wala nani. Kisomo chenyewe kinamfuata aliyetenda. Na kabla ya kufungua kitabu, nitawauliza wote waliodhulumiwa kama wanasamehe. Wakisamehe wote, tunasoma dua, tunakunywa kahawa, tunakwenda zetu. Akibaki mmoja asiyesamehe, nasoma. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Ikawekwa Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwa Jumwa. Rai alisema atakuwa na zamu Galu. Jumwa akamwambia zamu hiyo aibadilishe, mwenye nyumba hawezi kukosekana wakati watu wanasoma ukumbini mwake. Rai akabadilisha. Alinunua ubani na tende kama alivyotumwa, akatandika mikeka, akakoka makaa ya chetezo. Akamwaga majivu mkekani mara mbili, na mkewe akamwambia akapumzike, ameshinda juani.

Kina mama walikuja kumi na wanane. Ustadh alikuwa amekwisha kuketi, kitabu kimefungwa mapajani, wakati hodi ilipopigwa. Alikuwa Samuel Muange, amevaa koti zito la kanisani na jasho linamtiririka. Kavata alikuwa nyuma yake.

Samuel akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo mzee," akamwambia ustadh. "Hodi zenu. Nimesikia mnasoma leo. Mimi si wa dini yenu, lakini naogopa kama mtu mwingine yeyote. Nimefunga duka jana, nimevuka feri mpaka ofisi kubwa ya vifurushi Mombasa, nimekaa huko kutwa mpaka wakanipa hii karatasi. Madam, soma mwenyewe. Sitaki kuisema mimi."

Jumwa aliichukua. Ilikuwa nakala ya risiti ya kupokelea mzigo. Kompyuta moja. Ofisi ya Msambweni. Jumanne ile ile aliyoambiwa. Imechukuliwa, imetiwa sahihi, na namba ya kitambulisho imeandikwa. Sahihi aliitambua kabla ya kusoma jina. Ilikuwa kwenye cheti chake cha ndoa.

Binti wa ofisi hakumdanganya. Jumwa aliuliza kama mzigo upo, hakuuliza nani ameuchukua.

"Baba Riziki," akasema. "Iko wapi?"

Rai hakukana. Hilo nalo tumpe. Aliteremka kutoka kwenye kigoda akakaa sakafuni, akaeleza yote, ameinamia mkeka. Ofisi ilimpigia simu, akaenda kuichukua ili amfanyie mkewe furaha. Njiani akapita barazani. Wenzake wakauliza kuna nini ndani ya boksi. Akasema amejinunulia kompyuta. Akaifungua waione, ikapitishwa mkono kwa mkono, na bilauri ya kahawa ikapinduka juu ya vibonyezo. Ikazima. Fundi wa Ukunda alitumia kisu kuibandua, akakuta hakuna cha kuchomoa wala cha kubadilisha, vyote vimechomelewa kwenye bodi moja, na bodi hiyo mpaka iagizwe ng'ambo.

"Kila wiki ananiambia wiki ijayo," Rai akasema. "Nilitaka niilete ikiwa nzima. Sikutaka ujue."

"Na Samuel?" Jumwa akauliza.

Rai akawa anachokoa ukindu wa mkeka.

"Nakuuliza, Baba Riziki. Nimekwenda kumchafua mtu sokoni. Mkewe amemwaga mboga. Wewe ulikuwa unakula ugali wangu ukiniambia watu wa bara hivi, watu wa bara vile. Na Samuel?"

"Nilinyamaza tu," Rai akasema, kwa sauti ya kitoto.

Ustadh Jaafar alishusha pumzi, uso umemkunjuka. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha, tena limekwisha vizuri. Aliyetenda amekiri mwenyewe, na kitabu hakijafunguliwa. Akaanza kuuliza kwa desturi, kuanzia karibu na mlango.

"Hannah, umesamehe?"

Hannah alimtazama Rai. "Nimesamehe."

"Wewe, mama?"

"Nimesamehe."

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kumi na wanane wote. Wengine walisema kwa moyo, wengine kwa haya, lakini walisema. Ustadh akamgeukia Samuel, akasita, kisha akamuuliza naye.

"Nimesamehe huyu mzee," Samuel akasema. Akamtazama Jumwa. "Na madam pia nimemsamehe. Hakujua."

Kavata akaitikia kwa kichwa. Jumwa alihisi maneno yale yakimwunguza usoni. Hakuyaomba. Angalipenda Samuel amtukane, apige kelele, avunje kikombe. Badala yake alikuwa amesamehewa mbele za watu, bure, na mtu ambaye yeye mwenyewe alimharibia riziki, na huyo mtu alikuwa akivaa viatu vyake arudi nyumbani.

"Bi Jumwa," ustadh akasema, mkono tayari uko kwenye birika la kahawa. "Umebaki wewe."

Rai aliinua uso. Miaka kumi na tisa ya ndoa aliijua sura ile ya mkewe, na akaanza kulia kimya kimya, bila kujificha.

Jumwa alimtazama akilia. Alimpenda, jambo hilo halikuwa limekwenda popote. Lilikuwa hapohapo kifuani, limekaa ubavuni mwa lile jingine, la kutosamehe, wala hayakuzuiliana.

"Mwanangu," ustadh akasema polepole. "Ni mumeo."

Jumwa akachukua punje za ubani, akazitupa kwenye makaa, akakisogeza chetezo mbele ya magoti ya Rai mpaka moshi ukampanda usoni. Kisha akakaa mkekani kando yake, bega kwa bega, moshi ukampanda na yeye.

"Soma, ustadh," akasema.