Limi Hataki Kwenda Mbina

Tangu pamba ilipouzwa, Paskazia aliingoja Jumapili ile. Kwenye uwanja wa soko, njia ya kwendea Shinyanga, kungekuwa na mbina, sherehe ya ngoma ya baada ya mavuno, na wanawake aliocheza nao ngoma kabla hajaolewa wangekuwepo. Hata Bernadina, ambaye mumewe alichimba dhahabu Geita, alituma salamu kwamba anakuja. Mwaka jana Paskazia hakuwaona. Mwaka juzi pia. Kila mara binti yake Limi aligoma njiani, na kila mara aliyerudi naye nyumbani alikuwa mama.

Safari hii alijipanga. Alimwogesha mtoto asubuhi, akampaka samli, akamvika gauni jipya la maua. Limi akalivua.

"Linawasha."

"Haliwashi, mwanangu. Ni jipya tu."

"Linawasha, mayu!" Limi alimlilia mama yake.

Wakaondoka naye akiwa na gauni la zamani lililochanika kwapani. Maduhu, mumewe, alikuwa amevaa kaptula yake ya khaki aliyorudi nayo kutoka vitani Burma, akisukuma baiskeli huku mtoto amekaa nyuma. Hawajafika mbali, Limi akataka kushuka. Akashushwa. Akatembea kidogo, akataka kubebwa. Paskazia akambeba mgongoni kwa kanga. Akaona ndama kando ya njia, akataka kurudi nyumbani kwa ndama wao.

"Tukitoka huko utamwona," alisema Paskazia.

"Nataka sasa!"

Ngoma zikaanza kusikika kwa mbali. Paskazia akaongeza mwendo. Ndipo Limi akajisokota mpaka akateleza kutoka mgongoni, akajilaza chali katikati ya njia na kupiga vumbi kwa visigino. Watu waliokuwa wakienda mbina wakamkwepa kama jiwe.

Maduhu akasimamisha baiskeli, akatazama jua.

"Mama Limi, mrudishe tu. Mtoto hataki. Mimi nitakuja kukusimulia."

"Mwaka jana ulinisimulia," Paskazia alijibu. "Ukasinzia kabla hujafika kwa waliocheza."

"Sasa tufanyeje?"

Paskazia alimtazama mumewe, kisha mtoto aliyejaa vumbi.  Alifungua kanga aliyombebea Limi, akamtupia Maduhu begani, kisha akatundika kibuyu cha uji kwenye usukani wa baiskeli.

"Akisikia njaa, uji huo hapo. Akitaka kukojoa atakwambia akiwa ameshakojoa. Mimi nakwenda."

"Unakwenda wapi? Mama Limi! Mimi mwanamume nitambebaje kwa kanga mbele za watu?"

Paskazia alishika njia. Alisikia "Mayu! Mayu!" nyuma yake na maziwa kifuani yakamchoma, ingawa Limi aliacha kunyonya zamani. Nusura ageuke. Akaharakisha hadi akawa anakimbia.

Alipofika uwanjani, wenzake walikuwa wamekwisha kucheza, wamekaa chini wakifungua njuga miguuni.

"Ulikuwa wapi?" Bernadina aliuliza, akitweta. "Tumekuita mpaka sauti zimekauka!"

 Paskazia akaketi vumbini na kulia kwa hasira, mbele ya watu wote. Bernadina hakumbembeleza. Alimvuta mguu, akamfunga njuga zake, akampigia makofi. Wawili watatu wakaitikia wimbo. Paskazia akacheza pembeni pale, machozi hayajakauka, hatua zikimpotea mara kwa mara, bila mtazamaji yeyote. Watu wote walikuwa wamewageukia wanaume wachezao ngoma na nyoka, waliokuwa wakiingia uwanjani na nyoka wao.

Jioni aliwakuta nyumbani. Maduhu alikuwa amekaa kwenye kigoda, shati limelowa mgongoni, kanga imefungwa kifuani kwa mafundo ambayo yeye mwenyewe alishindwa kuyafungua. Limi alikuwa amelala humo mgongoni fofofo.

"Umetuacha njiani kama mizigo," alisema Maduhu. "Na ugali bado."

"Nimeona."

"Basi?"

"Nitasonga nikishapumzika," alisema Paskazia. Akakaa, akanyoosha miguu, na hakuinuka haraka.