Ngazi ya Vidato Vinane

Mwaka jana jaji wa mashindano ya bendi kule Pickering, jirani na Toronto, alisema neno lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mashindano yakiisha, kila bendi hupewa maoni ya majaji yaliyorekodiwa, nami niliyasikiliza jikoni nimesimama, chai inapoa. "Safi sana," alisema yule bwana, "lakini rahisi." Tukawa wa pili.

Rahisi! Mimi Nargis, niliyeongoza safu ya ngoma ndogo miaka kumi na moja, niambiwe rahisi! Niliapa mwaka huu neno hilo halitamtoka.

Kwa asiyejua, majaji wa ngoma ni wawili. Mmoja hutazama umethubutu kupiga kitu gani, mwenzake husikiliza umekipigaje. Ukipiga kigumu kwa uchafu, wa pili anakukata alama. Ukipiga chepesi kwa usafi, wa kwanza anakukata. Na usafi maana yake ni watu watano kupiga wakasikika kama mtu mmoja. Basi majira ya baridi nilitunga kipande kigumu hasa, mapigo ya mbio yanayoanzwa na mkono wa kushoto, sehemu nane, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia. Nikakiita Ngazi, na zile sehemu nikaziita vidato.

Mazoezi yetu huwa Downsview, Jumapili alasiri, kwenye ghala la vigae la mzee Madatali, aliyeianzisha bendi hii alipohamia kutoka Mwanza. Aliposikia Ngazi mara ya kwanza alisema, "Mpanda ngazi hushuka, Nargis." Nikamwambia ashughulike na vigae vyake.

Upande mmoja wa safu husimama Lloyd, Mgoa wa Nairobi, na Cheruiyot, dereva wa lori kutoka Kericho. Upande wa pili ni Zeena, nesi kijana aliyezaliwa hapahapa Toronto, na mwisho kabisa Pyarali, mume wangu. Mimi nilikuwa katikati. Kanuni ya safu ni kwamba wote humfuata wa katikati, liwe liwalo.

Pyarali ndiye aliyenifundisha ngoma, kwenye bendi ya skauti Tabora, mwaka ambao simtajii mtu. Novemba iliyopita alipata kiharusi kidogo, kikamlegeza mkono wa kushoto. Daktari alisema arudi kwenye ngoma, ni dawa. Kwa hiyo Ngazi ilipoanza kuchafuka, hakuna aliyeuliza ni nani.

Ilichafuka kwenye kidato cha sita, kila mara. Wanne tunapita pamoja, halafu pigo moja linabaki nyuma, tak, peke yake, kutoka mwisho wa safu. "Pyarali, mkono!" nilipiga kelele wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tano. Siku moja nilimwambia mbele ya watu kwamba mambo yakiendelea hivi, kwenye mashindano ya mwezi wa tano atabeba bendera na ngoma atamwachia mwingine. Naona haya kulirudia, lakini nilisema, na kila mtu alijua kuwa nikisema jambo la bendi nalitimiza.

Kisha, mwishoni mwa Machi, Ngazi ikasafika. Ghafla tu, vidato vyote vinane. Nilimkumbatia Pyarali pale pale kati ya maboksi ya vigae, na yeye akatabasamu kidogo. Nilidhani amechoka.

Wiki mbili baadaye Zeena alitutumia video ya mazoezi. Niliitazama kazini wakati wa chakula cha mchana, kwa raha zangu, nikaitazama tena, halafu kijiko kikaniponyoka. Vijiti vya Pyarali vilikuwa vinapanda na kushuka pamoja na vya wenzake, mkao wa askari kabisa, ila havikufika chini. Vilisimama upana wa kidole juu ya ngozi ya ngoma. Kuanzia kidato cha tano hadi cha nane, mume wangu alikuwa anapiga hewa.

Kwetu kupiga hewa ni wizi. Ukishindwa unasema, mwenzio anakupunguzia mapigo. Ningeweza kumuuliza nyumbani, taratibu, tukinywa supu. Lakini hasira yangu haijawahi kupenda faragha, nikaisubirisha mpaka Jumapili.

"Leo mmoja mmoja," nilitangaza. Huo ni utaratibu wa Madatali: kila mtu anapiga peke yake, simu ikiwa juu ya ndoo inagonga mapigo, tik, tik, na kapteni, yaani mimi, anasikiliza. Tangu Januari nilikuwa nimeuacha, naona unatupotezea muda.

"Nargis, leo tuache," Pyarali akasema.

"Hatuachi."

Lloyd akapiga. Kwenye kidato cha sita aliitangulia simu kidogo. Cheruiyot naye akaitangulia palepale, na Zeena vilevile. "Mbona leo mna haraka nyote?" nikawaambia. Kisha nikamgeukia mume wangu, nikakunja mikono.

Alifuta viganja kwenye suruali, akapiga. Sasa, wapiga ngoma wanajua kitu kimoja: ukienda sawasawa kabisa na mashine, huisikii tena, kwa sababu kila pigo lako linaufunika mlio wake. Pyarali alipiga vidato vyote vinane, na simu ikapotea tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kumbe unaweza!" nikasema. "Sasa kwa nini unatupigia hewa?"

Aliyejibu ni Zeena, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alisema sasa ni zamu yangu.

"Kapteni hapigi mmoja mmoja," Cheruiyot akamwambia.

Zeena akauliza kwa nini. Aliuliza kweli, bila ufedhuli, nami nikachukua vijiti.

Nikapiga. Kidato cha kwanza hadi cha tano, simu kimya. Cha sita ikajitokeza nyuma yangu, tik, kama mtu anayenikoholea kisogoni. Nikarudia, ikajitokeza tena. Mara ya tatu niliacha katikati, maana nilikwisha kuelewa. Mimi ndiye niliyekuwa nakimbia. Wenzangu walinifuata kama kanuni inavyotaka, wanne tukikosea pamoja kwa usafi mkubwa, na lile pigo lililobaki nyuma lilikuwa mahali pake. Nyani haoni kundule.

Nilitoka nje, nikasimama kwenye maegesho kati ya malori. Pyarali akanifuata na koti langu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema. "Mara mbili. Mara ya kwanza kwenye gari, Februari, na mara ya pili jikoni. Ukasema ni mkono wangu."

Nilikumbuka zote mbili. Jikoni nilikuwa hata sikugeuka kumtazama.

"Halafu nikaanza kukuamini," akaendelea. "Nikawa naamka kabla yako, nawasha simu, napiga juu ya mto, nione kama kweli nimeharibika. Kila asubuhi nilikuwa sawa, na kila Jumapili nikawa mbovu. Nikachoka, Nargis. Bendera sikutaka kubeba."

Nililia, na sikujali dereva gani ananitazama. "Nisamehe," nikamwambia. Alinivika koti, akanifunga vifungo kimoja kimoja kwa ule mkono wa kushoto, na ilichukua muda.

Tuliporudi ndani niliwaambia wote kosa ni la nani. Kisha nikasema Pyarali atasimama katikati, na mimi nitakwenda mwisho wa safu. Cheruiyot akauliza kama tuiache Ngazi, maana zilibaki wiki nne. Kwa mara ya kwanza nilifunga mdomo wangu, na wote wakamtazama Pyarali. "Tuipunguze mwendo," akasema. "Tukiiweza polepole, ibaki."

Ilibaki. Pickering, Jumamosi moja ya mwezi wa tano, ukumbi umejaa, tuliipiga kwa mwendo ambao ningeuonea aibu wakati wa baridi. Kwenye kidato cha sita mikono yangu ilitaka kukimbia. Nilimsikiliza Pyarali, nikabaki. Cha saba nikabaki. Cha nane kikanishinda, pigo moja likanitoka mapema, peke yake, na ukumbi mzima ukalisikia. Tukawa wa tatu.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo nilimwambia, "Lile la mwisho lilikuwa langu."

"Nilisikia."

Nikangoja. Alichukua ngoma yangu, akaitia kwenye mfuko wake, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Mkono unakuuma?" akaniuliza.

Tangu Januari nilikuwa nimeusema mkono wake kila Jumapili, mbele ya watu, na swali hilo sikuwahi kumuuliza hata mara moja.