Bendera ya Mzee Halvard

Baba yangu, Halvard, amempandishia bendera kila nahodha aliyeleta meli ya abiria kwenye mlango wa Trangfjord, isipokuwa mimi. Nyumba yake iko rasini, na mlingoti mweupe umesimama mbele yake. Meli ikipita, bendera hupanda, nayo meli hujibu kwa honi mara tatu. Ndivyo tunavyosalimiana huku kaskazini mwa Norwei tangu kabla sijazaliwa.

Nilipopewa meli yangu, alinimiminia kahawa akasema, "Kofia anaweza kuvaa mtu yeyote, Åshild. Bendera nitakupandishia siku nitakayoona umekuwa nahodha."

"Utaonaje, nawe umekaa jikoni?"

"Jikoni kwangu kuna dirisha, mwanangu."

Nilijua siku hiyo itafika.

Mwezi wa Juni tulifika tena kwenye mlango ule. Trangfjord ni hori jembamba la bahari lililobanwa na kuta mbili za mwamba, na ndani kabisa pana nafasi ya kugeuza meli, basi. Abiria wengi hupanda meli yetu kwa ajili ya mgeuzo huo tu. Walikuwa wamejaa sitaha ya mbele na makoti yao ya kila rangi, wakinywa supu ya samaki kwenye vikombe.

Kipimo chetu kilionyesha upepo mdogo. Hata hivyo nilichukua darubini nikatazama maporomoko ya maji yaliyo mwisho wa hori. Maji hayakuwa yakifika chini. Yakifika katikati ya mwamba yalipeperushwa, yakarudi juu kama moshi.

"Hatuingii," nikasema.

Oddgeir, msaidizi wangu, akanigeukia. "Nahodha, bahari imetulia kama kioo!"

"Hapa nje. Tazama maporomoko."

Akatazama, akashusha darubini. "Hawa watu watatula wabichi."

"Wapelekee keki na jibini kwanza."

"Na mzee pale juu? Atasema umeogopa."

"Atasema apendavyo." Nikamgeukia mshika usukani. "Kulia, taratibu."

Nikachukua kipaza sauti, nikawaeleza abiria kwamba upepo unaanguka kutoka mlimani, na mle ndani meli haina pa kukwepea. Tutageukia hapa nje, nao wataziona kuta zote mbili.

"Tumetoka Bergen kuja kutazama mlango?" bibi mmoja akapaza sauti, na wenzake wakacheka kwa uchungu.

Meli ilikuwa nusu ya mgeuzo Oddgeir aliponigusa bega. "Nahodha. Rasini."

Bendera ilikuwa inapanda. Niliitazama ikipita dari la baraza, ikipita paa, kisha ikasimama. Nusu mlingoti.

Kwetu bendera ikisimama hapo, kuna maiti ndani. Na nyumba ile ina mtu mmoja tu. Oddgeir akavua kofia. Mshika usukani naye akavua yake. Nikawaza ni Jorunn, jirani, ndiye aliyemkuta, na sasa anatuarifu.

"Shika mwendo huo huo," nikamwambia mshika usukani, kisha nikapiga simu.

"Nini?" Sauti ilikuwa ya baba mwenyewe, anahema.

"Baba! Nani amekufa?"

"Amekufa nani?"

"Bendera yako iko nusu!"

"Imenasa, wee! Nimeweka ile kubwa ya sikukuu, nayo imejisokota kwenye kamba. Jorunn keshapiga simu kutoa pole ya msiba wangu, na nimeipokea mwenyewe."

Nilicheka mpaka Oddgeir akaivaa tena kofia yake.

"Baba, lakini sikuingia."

"Nina macho. Maporomoko yale yanarudi juu tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja nione kama nawe utayatazama."

"Na kama ningeingia?"

"Ningekupigia kabla hujaingia. Mimi ni baba yako, si mwendawazimu. Haya, acha nivute, wenzako wananiangalia."

Kwenye darubini nilimwona ameing'ang'ania kamba kwa mikono miwili, anarudi kinyumenyume kwenye majani. Bendera ikatikisika, ikajifungua, ikapanda hadi juu, kubwa kama tanga.

"Honi, nahodha?" Oddgeir akauliza.

"Niachie mimi."

Nikapiga mara tatu. Kuta za Trangfjord zikaurudisha mlio, na pale sitahani bibi wa Bergen, aliyekuwa amenuna, akavua skafu yake akampungia mzee aliye rasini.