Ganda la Mzee Gume

Nereida aliliweka ganda la chuma la injini ya gari juu ya meza, akalifuta kwa kitambaa chenye petroli, na kabla hajamaliza kufuta alishajua kwamba halifai. Alirudia kufuta, maana mtu akishajua jambo asilolitaka huitafutia mikono kazi.

Ndani ya ganda lile ndimo ilimozunguka rota, ile pembetatu nene inayofanya kazi ya pistoni. Matundu yake ya kuvuta hewa na kutoa moshi yalichongwa na baba yake, Don Gumersindo, ambaye mji mzima wa Bayamón ulimwita Gume. Yule mzee alikuwa na roho ya uchoyo kwenye kuchonga. "Wewe funga injini," alizoea kumwambia binti yake, "kuchonga niachie mimi." Akafa mwezi wa Machi bila kumwachia mtu. Jumapili hii zilikuwa mbio za magari za kumkumbuka kule Salinas, fulana zenye sura yake zilishachapishwa, na Efraín, mdogo wake Nereida, ndiye angeendesha. Lakini kwenye mazoezi sili moja, kile kipande chembamba kinachoziba ncha ya rota, ilikatika, ikalikwaruza ganda karibu na plagi.

"Mbona liko sawa?" Efraín alisema, akipitisha kidole juu ya kromi iliyofunika upande wa ndani. "Halinasi kitu."

Sheria ya karakana ile ilikuwa moja: pitisha ukucha, ukinasa, kipande ni chuma chakavu.

"Litanasa nini na wewe kucha huna?" Nereida alimjibu. "Umezitafuna tangu darasa la kwanza. Hata msumeno ungesema ni laini."

"Robo maili, Nere! Robo maili si safari ya kwenda Ponce. Na baba mwenyewe alifunga vipande vibovu kuliko hiki, usijifanye hujui."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimkera.

"Alivifunga kwenye gari aliloendesha mwenyewe. La kwako hakuwahi, hata siku moja. Sili mpya ikipita juu ya hilo kwaruzo itakatika, injini ikwame, mafuta yamwagike chini ya magurudumu yako ukiwa kwenye mwendo wa mwisho. Halafu ukuta. Unataka nimweleze nini mama?"

Mama yao, Doña Saturnina, alikuwa anaingia na kahawa. Kucha zake zilikuwa ndefu, zimepakwa rangi nyekundu kwa ajili ya Jumapili.

"Haya, mwenye kucha huyo hapo," Efraín alisema. "Mama, pitisha hapa uamue."

Doña Saturnina aliweka vikombe chini. Alipitisha ukucha taratibu, ukasita. Akarudia, ukasita palepale.

"Unanasa," alisema. Kisha akaongeza harakaharaka, "Lakini kidogo tu, mwanangu. Kidogo sana. Hiki ndicho kilichobaki chenye mkono wake."

Maneno hayo yalimchoma Nereida. Angempa mama yake chochote siku ile, isipokuwa hicho. Tena alimjua mdogo wake: ganda likibaki zima atalipeleka kwa fundi mwingine, na mafundi wa kusema ndiyo Bayamón hawahesabiki. Akalibana kwenye jiriwa, akachukua drili, akalitoboa mpaka upande wa pili.

"Umemuua mara ya pili!" Efraín alipiga kelele.

"Yeye keshakufa. Wewe bado." Alifungua kabati akatoa ganda jipya, la akiba, moja tu, ambalo matundu yake hayajachongwa na mtu. "Nishikie tochi au toka nje."

Efraín alitukana kwanza, kisha akashika tochi.

Mashine ya kuchongea ilikuwa nzito kuliko Nereida alivyodhani. Ikiteleza na kubandua kromi, hakuna injini, hakuna Jumapili. Kuna mahali alitaka kuiga mkato wa baba yake, akashindwa, akachonga kwa jinsi mkono wake ulivyokubali. Mama yao hakurudi tena karakanani, na wali wa mbaazi ulipowafikia uliletwa na jirani. Nereida aliula akiwa amesimama.

Jumamosi mchana waliiwasha. Injini ilikohoa mara kadhaa, ikashika, ikaanza kupiga mlio wake wa kukatakata hadi mabati ya paa yakalia. Mlio ulikuwa mkali zaidi kuliko wa Gume, na wa haraka zaidi. Doña Saturnina alitoka jikoni, akasimama mlangoni, akasikiliza hadi Nereida alipozima.

"Huyo siye," alisema.

"Siye, mama," Nereida alijibu. Hakuomba radhi.

Mama alilizunguka gari. Kwenye kioo, mahali pa kuandika jina la aliyeitengeneza injini, Efraín alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe ya viatu: GUME. Doña Saturnina alichukua kitambaa kilekile cha petroli, akaanza kulifuta.

"Mama! Mbio ni zake!"

"Mbio ni zake. Injini si yake." Machozi yalimtoka, lakini mkono haukusimama. "Miaka yote niliyokaa na Gume hakuwahi kupokea sifa za kazi ya mtu mwingine. Hataanza akiwa kaburini."

Kioo kilipokuwa safi, alimgeukia Nereida, akampa chupa ya rangi.

"Andika jina lako," alisema. "Na uandike kubwa."