Mkataba Uliofunga Midomo ya Majogoo

Katika nchi ya Mivumoni, ambayo ni vilima vitupu na mabonde yenye kina, watu hawakupelekeana habari kwa miguu. Kila kilima kilikuwa na jiwe lake la juu, na juu ya jiwe alisimama mpazaji, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea sauti ya kilima kimoja na kuirusha kilima cha pili, pasipo kupunguza wala kuzidisha. Salamu ikija na kikohozi, ilipelekwa na kikohozi chake. Kicheko kikija, kilichekwa vilevile. Nyimbo, dawa za tumbo, namna ya kukanda unga usigande, habari za arusi na masimango ya mawifi, vyote vilivuka mabonde kabla chai haijapoa.

Mpazaji wa Kilima cha Sikizo aliitwa Bi Fikisha, mwanamke wa makamo, mnene wa shingo, ambaye kila alfajiri alikunywa maji ya moto yenye tangawizi na kujifunga kanga barabara chini ya kifua ndipo apande. Binti yake wa pekee, Tunu, aliolewa huko Mbalini, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, mwezi wenyewe umewadia. Kila asubuhi sauti yake ilifika kwa kinywa cha Ngurumo, mpazaji wa kilima jirani, pandikizi la mtu mwenye ndevu hadi kifuani: "Mama, nimeamka salama, ila miguu imevimba." Na moyo wa mama ulitulia siku nzima.

Ndipo Waziri Msiri alipokwenda Uhodhini, nchi ya tambarare ambako hata kivuli cha mti kina mwenyewe, akafanya mkataba wa biashara: asali iende, nguo zije. Alirudi na mkataba ndani ya sanduku la shaba, na alipoulizwa unasemaje, akajibu kwa adabu kubwa kwamba mambo ya biashara hayasemwi barabarani. Jibu hilo lilimfikia Chumvitele, mpiga mbiu wa soko, mtu asiyeweza kuvumilia habari yenye tundu. Kabla ya adhuhuri vilima vyote vilikwisha sikia kwamba kwa mkataba huo atakayeimba wimbo wa mwenziwe atakatwa ulimi, na mama atakayembembeleza mtoto kwa wimbo wa bibi yake atafungwa.

Hofu ikaingia kama moshi. Walimu waliwakataza watoto kuitikia somo. Msibani kila mtu alilia kwa mtindo alioubuni mwenyewe, hata matanga yakafanana na mnada. Na kwa kuwa jogoo akiwika mwenziwe humjibu kwa wimbo uleule, majogoo wa Mivumoni walifungwa midomo kwa nyuzi za katani, na nchi nzima ikachelewa kuamka. Wapazaji wakanyamaza mmoja mmoja. Ngurumo naye alisimama juu ya jiwe lake, kiganja mdomoni.

Bi Fikisha peke yake hakuacha. "Tunu mwanangu, umeamkaje?" aliita, na bonde likabaki kimya. Hata wimbo wa warina asali ulipomfikia kutoka msituni, aliupaza kama ulivyo. Kwa kosa hilo akapelekwa mbele ya Kadhi Taratibu, na ilinenwa kwamba akihukumiwa hatapanda jiwe lile tena maisha yake yote.

"Mheshimiwa Kadhi," alianza Chumvitele, "mwanamke huyu amerudia sauti isiyo yake, kinyume cha mkataba."

"Mkataba huo umeusoma?"

"Nani asiyeujua, Mheshimiwa?"

"Mimi siujui," alisema Kadhi. "Nani alikwambia habari ya ndimi?"

Chumvitele alikuna kisogo. "Niseme kweli? Waziri alikataa kusema. Na mtu akinifichia jambo, mimi hulijaza mwenyewe."

Watu wakaguna. Kadhi akaamuru sanduku lifunguliwe. Waziri Msiri alisihi kwamba mkataba ukisomwa hadharani utapoa, Kadhi akamjibu kwamba uji pia hupoozwa ndipo unyweke. Basi Waziri akausoma: asali, nguo, mbao, ushuru wa madaraja. Ndimi hazikutajwa, wala majogoo. Baraza likaangua kicheko, na wengine wakainuka wakawafungue majogoo wao.

"Kaeni, ndugu zangu," alisema Bi Fikisha. "Waziri hajafika mwisho wa karatasi."

Waziri alikohoa, akasoma kwa sauti ya chini: "Kila mpazaji atawajibika kwa kila neno apitishalo kana kwamba amelitunga yeye, na asilipitishe kabla ya kupata idhini ya mwenye neno hilo." Kisha akaongeza, "Ni kifungu kidogo tu, mama."

"Kidogo, baba? Nyumba ikiungua kilima kile, mtu akapiga yowe, niulize kwanza yowe ni la nani? Mtunzi wa wimbo ana haki yake, nami humtaja kwa jina. Mwizi akipita mbele ya mlango wangu mshikeni yeye, msinishike mimi kwa kukaa kando ya njia. Tulikuwa tunalilia ndimi zisizokatwa, na hili likatupita chini ya pua."

Kadhi Taratibu akahukumu: asali iende na nguo zije; kifungu cha wapazaji kirudishwe Uhodhini kilikotoka; na tangu siku hiyo mkataba wowote upazwe vilimani kabla ya kutiwa muhuri. "Wewe mama, rudi juu ya jiwe lako."

Alipanda, na baraza zima likamfuata hadi chini ya kilima. Akapaza kwanza hukumu ya Kadhi, kisha akaita: "Tunu mwanangu, umeamkaje?" Sauti ikaenda. Wakangoja, jua likawachoma, hakuna aliyesogea. Hatimaye Ngurumo alionekana ng'ambo akiondoa kiganja mdomoni. Akasafisha koo, akajipapasa ndevu, akatazama huku na huku kama mtu anayeona haya. Kisha, kwa kuwa mpazaji hapunguzi wala hazidishi, lile pandikizi la mtu likalia kilio chembamba cha mtoto aliyezaliwa asubuhi ile.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Bi Fikisha alikaa kitako juu ya jiwe, akafuta macho kwa pindo la kanga. Halafu akainuka, akageukia kilima cha pili kilichokuwa kikingoja, akalia vilevile.