Buti Zisizokanyaga Ardhi

Nyayo za mume wangu, Bayram, zilikuwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na ngozi yake ilikuwa ikitoka vipande vipande kama maganda ya kitunguu. Nilimwosha nikiwa nimeuma meno. Yeye alikuwa anataniana na binti yetu, Jeren.

Tulikuwa tumekimbia Afghanistan, Waturkmeni tusio na shamba wala duka, tukapanga chumba mjini Peshawar, Pakistan. Mimi nilifuma mazulia. Bayram aliyaosha, uwanjani ambako wanaume walisimama peku juu ya sufu iliyomwagiwa magadi makali na klorini, wakiisugua kutwa nzima huku wanakohoa. Daktari alikuwa amemwambia wazi: kidonda cha kisigino kikifika mfupani, mguu utakatwa.

Tajiri wao hakuwa mbaya, aliwapa wote buti za mpira. Hakuna aliyezivaa; Bayram alizitupa zake nyuma ya mlango.

“Baba Jeren, vaa buti.”

“Nikanyage zulia na viatu? Mimi nimelelewa, mama.”

“Utazikwa na adabu zako na mguu mmoja.”

“Si haba. Wengine wanazikwa na miguu miwili bila adabu.”

Sikio la kufa halisikii dawa. Nililia kwa hasira, maana nilimpenda, na maana kwetu zulia halikanyagwi na kiatu hata nyumba ikiungua. Hilo hata mimi nisingeweza kulipinga.

Jioni hiyo baba mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, alirudi kutoka msikitini. Alivua viatu vyake mlangoni, akabaki na zile soksi ndefu za ngozi wanazovaa wazee wetu, akapanda zuliani, akaketi. Alifanya hivyo kila siku, ila siku hiyo ndipo nilipoona.

Nilizisugua buti kwa sabuni ndani na nje, nikazikausha, nikaziweka katikati ya zulia nililolifuma kwa mikono yangu. Bayram aliruka kama amemwagiwa chai.

“Umerukwa na akili?”

“Muulize baba amevaa nini miguuni.” Kwetu mke hasemi na baba mkwe moja kwa moja, basi nilimpitishia mwanawe.

“Zile ni soksi!”

“Zina soli. Zinakaa zuliani kwa sababu hazikanyagi nje. Na hizi utazibeba mkononi, utazivalia juu ya zulia, utazivulia hapohapo.”

Mzee alizigeuza buti, akanusa soli. “Safi kuliko miguu yako,” akamwambia mwanawe. “Vaa. Mimi nimeshazeeka, siwezi kukubeba.”

Asubuhi alizifunga katika shali akaondoka nazo. Wenzake walimcheka, wakamuuliza kama ameoa tena na hizo ni zawadi za bibi harusi. Mwezi haukwisha, nao wakawa wanakwenda na vifurushi vyao.

Kikohozi chake hakikuisha, kipo hadi leo. Lakini kidonda kilifunga, na ngozi mpya ikaota, laini kama ya mtoto. Siku ya kwanza nilipoipaka mafuta, Bayram alipiga ukelele, akavuta mguu, akacheka hadi machozi. Kumbe nyayo zake zina mtekenyo! Jeren alikuwa ameshaanza shule, na mimi, mkewe wa miaka yote hiyo, ndiyo kwanza nilikuwa najua.