Bega la Kushoto

Mama mkwe akikuazima gauni la marehemu mama yake, usijidanganye kwamba umeazima nguo tu. Mtunza nguo za kale wa makumbusho alilijua hilo, na ndiyo maana tangu asubuhi alikuwa akiizunguka ile sanamu ya kuvalishia, mara avute pindo, mara arudi nyuma atazame, roho mkononi.

Walikubaliana hivi: mama mkwe aje alione gauni kabla wageni hawajafunguliwa mlango. Akiridhika, libaki kwenye kabati la kioo. Asiporidhika, lirudi sandukuni kwake, na huko nondo walishaanza kujikatia pindo kama mali ya baba yao. Kulikuwa na jingine pia. Tangu aolewe, mkaza mwana huyu hajawahi kusikia neno "vizuri" kutoka kwa mama yule, si kwa chai, si kwa mapazia, si kwa wajukuu aliomzalia. Alilitamani neno hilo, jamani!

Katika kazi yao, gauni halipunguzwi ili liienee sanamu. Sanamu ndiyo inayonenepeshwa. Basi aliijaza pamba kiunoni, akaijaza kifuani. Bega la kushoto tu ndilo lililomkorofisha, limelala chini ya mwenzake. "Gauni hili lilitundikwa vibaya msumarini," alijisemea, akashindilia pamba mpaka mabega yote yakawa sawa.

Mama mkwe aliingia, akaizunguka sanamu, midomo kaibetua.

"Nani huyu?"

"Si bibi, mama!"

"Bibi gani? Huyu askari wa gwaride! Nifungie gauni langu niende zangu."

Loo! Mtunza nguo alifungua mdomo ajitetee. Lakini ubishi na mama mkwe ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa hiyo akaanza kulivua, taratibu. Alipoligeuza ndani nje, mkono wake ukasita. Upande wa kushoto, pale nyongani, kitambaa kilikuwa kimesuguka na kulainika, kimetiwa viraka vidogo vidogo. Upande wa kulia kilikuwa kizima kabisa. Msumari haung'ati nyonga.

"Mama, bibi alikuwa akibeba nini upande huu?"

Mama mkwe aliinama akavitazama vile viraka. Kisha akacheka kidogo, kwa haya.

"Mimi. Nilikuwa mtoto wa kudeka, sikutaka kukanyaga chini. Majirani wakimwambia, 'Mshushe huyo, ana miguu!' Anawajibu, 'Ataitumia akiwa mkubwa.'"

Waliivalisha sanamu upya, wawili. Mtunza nguo alitoa pamba begani, akaongeza nyongani.

"Toa tena," mama mkwe aliamuru. "Tena kidogo. Acha hapo hapo!"

Sanamu ikaegemea upande, nyonga nje, kama mama anayepiga soga na jirani huku kabeba mtoto. Ubavuni pakabaki nafasi. Mama mkwe, mvi zake zote kichwani, akasogea akasimama penye nafasi ile, shavu karibu na mkono wa gauni bila kuligusa.

"Bega hili nililishusha mimi," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi.

Wageni walianza kusikika nje. Hakuna aliyetaja tena sanduku.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema mwishowe, akijifuta uso. "Ila chai yako bado maji ya moto."